Sista Léoncie wa Ruziba na Safari ya Jeneza Tupu

Alizaliwa Ruziba, kusini mwa Bujumbura, mwezi wa Machi mwaka 1958, katika majira ambayo mvua hainyamazi, binti wa tatu wa Marcellin, mkulima wa michikichi, na mkewe aliyeuza ndagala, dagaa wa ziwa letu, zilizokaushwa. Alibatizwa kabla ya Pasaka ya mwaka huohuo na kupewa jina la Léoncie. Kuhusu utoto wake niliwauliza ndugu zake wawili waliobaki hai, nao wakanipa habari zisizopatana hata kidogo: mmoja anasema alikuwa mtoto mpole aliyependa kusali, mwingine anasema alikuwa mkaidi aliyechapwa karibu kila Jumamosi. Nimeziandika zote mbili. Kamati ya parokia iliyonipa kazi hii haikuniambia nichague, na sijasoma popote kwamba watakatifu hawakuchapwa.

Jambo moja wote wawili wanakubaliana nalo. Léoncie alipoulizwa kitu asichokijua, alijibu, "Sijui," akanyamaza. Msomaji wa mbali huenda asione ajabu hapo. Lakini kwetu, mpita njia akikuuliza njia humwachi aende mikono mitupu. Unamwelekeza hata kama hujui, kwa adabu tu, na kwa adabu hiyo wageni wengi wamejikuta Rumonge huku wanatafuta Gitega. Mtoto anayemwambia mgeni "sijui" huonekana hakufunzwa. Mama yake aliona haya. Baba yake, husemwa, alicheka.

Mwaka 1978 alibisha hodi kwenye nyumba ya Masista wa Betania, Kinindo, akaomba kupokelewa. Mlezi wa wanovisi aliwauliza wasichana wote walikuwa wameitwaje na Mungu. Mmoja alisema aliota ndoto, mwingine alisikia sauti kisimani. Léoncie alisema, "Sijui, Mama. Nikikaa nyumbani naona niko safarini. Nikifika hapa naona nimefika." Mlezi aliandaa nauli ya kumrudisha Ruziba, kisha, kwa sababu ambayo hakuna aliyeweza kunieleza, akabadili nia. Léoncie aliweka nadhiri zake za kwanza mwaka 1981, akasomea uuguzi, akatumwa kwenye zahanati ya shirika karibu na Zone Industrielle, mtaa wa viwanda, ambako kwa miaka zaidi ya thelathini aliwatibu wabeba mizigo wa bandari, vijana walioungua kwenye matangi ya sabuni, na wake zao waliokuja kujifungua kwa kuchelewa kwa sababu zamu haikuisha.

Katika miaka mibaya iliyoanza 1993 zahanati ilipokea watu wa kila upande. Siku moja wenye bunduki walisimama mlangoni wakamtaka awaambie ni akina nani waliolala vitandani. Alijibu: "Majina yao sijui. Homa zao nazijua. Munataka niwasomee?" Wakaondoka. Watu wa mtaa husimulia kwamba walipofushwa macho na malaika. Mimi nimezungumza na mpishi aliyekuwepo, naye anasema waliondoka kwa sababu walimwona amechoka sana. Sijui kipi ni kikubwa zaidi, na naomba msomaji anivumilie, kwa maana kila nilipoinua jiwe katika maisha ya mama huyu nilikuta hali kama hii.

Nafika sasa kwenye safari ambayo kwayo anakumbukwa, na ambayo kwayo pia alilaumiwa mpaka karibu na kifo chake.

Mwezi wa Novemba mwaka 2017, Sista Consolate, ambaye Léoncie mwenyewe alimfundisha kazi ya uuguzi, alikuwa akitumika katika misioni ya Kilubwe, ndani kabisa ya Kongo, magharibi ya ziwa letu, mahali ambapo barabara hukatika masika yote na simu hushika juu ya kilima kimoja tu. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na minne. Asubuhi moja muuguzi wa misioni, Espoir, mwenyeji wa Kilubwe, alipanda kilima hicho akampigia Mama Lisette, mkuu wa shirika, hapa Kinindo. Akasema: "Ma sœur Consolate anaumwa sana. Mukuje mbio." Kisha laini ikakatika, na haikushika tena.

Hapa lazima nieleze desturi, la sivyo hakuna litakaloeleweka. Mrundi haambiwi msiba kwa simu. Habari ya kifo haitupwi sikioni mwa mtu aliye mbali, peke yake, labda yuko sokoni au anaendesha gari. Anaambiwa kwamba fulani anaumwa sana, aje. Naye anakuja, anapokelewa, anakalishwa, anashikwa mkono, ndipo anaambiwa. Ni desturi ya huruma, na mimi mwenyewe nimeitumia. Lakini kwa ajili hiyo, mtu wa kwetu akisikia "anaumwa sana, njoo mbio", haulizi dawa. Anatafuta nguo ya kilio. Espoir hakuyajua hayo. Kwao mtu akifa husemwa amekufa, na akiumwa husemwa anaumwa.

Basi Mama Lisette aliweka simu mezani akaketi. Hakuna aliyemuuliza neno. Redio ilizimwa, viti vikatolewa uani, na kabla ya saa sita majirani walikuwa wamefika na kreti za vinywaji. Wazazi wa Consolate waliitwa kwa njia ileile, yaani waliambiwa binti yao anaumwa sana, nao wakaja wakilia tangu nyumbani. Mafundi seremala waliagizwa jeneza, likatengenezwa kwa heshima kubwa, mbao nzito, mikono ya shaba, kitambaa cheupe ndani. Rubani mmoja wa Kinindo, Maxime, aliyezoea kuzipelekea misioni mahitaji yao kwa ndege ndogo ya injini moja, alikubali kwenda kuuleta mwili.

Léoncie alirudi kutoka zahanati jioni, akakuta ua umejaa. Mama Lisette, ambaye aliniruhusu kuandika maneno yao yote, alimwita kando.

"Kaa chini, dada."

"Nani amekufa?"

"Consolate wetu."

"Mana yanje, Mungu wangu! Nani amesema?"

"Espoir alipiga simu. Amesema anaumwa sana."

Léoncie, aliyekuwa ameshaanza kulia, aliacha. "Basi anaumwa."

"Léoncie, we si mugeni hapa Burundi."

"Apana, si mugeni. Lakini mi sijui kama amekufa. Na we haujui, Mama."

Hakusema kwamba Consolate yu hai. Napenda hili lieleweke, kwa sababu tayari kuna kitabu kidogo cha sala kinachouzwa mlangoni mwa kanisa kikidai alipata maono. Hakupata maono. Nilimuuliza Mama Lisette mara tatu. Alikuwa amechanganyikiwa kama wengine, ila wengine walichanganyikiwa wakakaa vitini, yeye alichanganyikiwa akarudi zahanati akajaza sanduku la barafu dawa. Kwa kuwa hakujua ni ugonjwa gani, alichukua sindano za malaria kali, dawa za nimonia, za kuhara, na katoni za maji ya mishipa. Mama Lisette alimwacha. Mwili ungehitaji mwanamke wa kuuosha, kwa hiyo mtu wa shirika alipaswa kwenda, na aliyefiwa habishaniwi naye.

Asubuhi, uwanjani, jeneza lilikataa kuingia ndegeni. Mafundi walipima kila kitu isipokuwa mlango. Fundi wa ndege, Massoudi, Mwislamu wa Buyenzi, ambaye alisafiri na ndege hiyo kila ilipokwenda mbali kwa sababu, kwa maneno yake, ndege ni muzee, na muzee haendi safari bila daktari wake, aling'oa viti viwili, akafungua na ile mikono ya shaba, na jua lilipokuwa limekwisha panda jeneza likapita kwa kusukumwa. Ndipo Maxime alipopiga hesabu ya uzito akasema kitu lazima kibaki. Zikabaki katoni za maji ya mishipa. Léoncie aliziangalia zikirudishwa garini, akalipakata sanduku la barafu magotini, akafunga mkanda. Hakuna aliyemwomba sanduku hilo, nafikiri kwa sababu lilikuwa dogo, au kwa sababu ya uso wake.

Uzito huo uliwanyima mafuta ya kwenda moja kwa moja, ikawalazimu kutua Kalemie kujaza. Afisa kijana alikuja kukagua, akaona jeneza, akavua kofia.

"Poleni. Makaratasi ya mufu?"

"Mufu hayumo," alisema Maxime.

"Iko wapi?"

"Mbele. Kilubwe."

"Alikufa lini?"

Maxime alimtazama Léoncie. Léoncie alisema, "Hatujui kama alikufa."

Afisa alirudisha kofia kichwani. "Mutu hajakufa, na sanduku yake iko tayari?"

Simwoni na kosa. Angekuwa mwandishi wa maisha ya watakatifu angeuliza swali lilelile. Alimwita mkubwa wake, mkubwa akamwita mwingine, jeneza likafunguliwa, kitambaa kikainuliwa, na kila aliyekuja aliuliza upya mwili uko wapi. Hawakuwa wabaya, walitafuta tu neno la kuandika na halikupatikana. Walipoachiliwa, mawingu yalikuwa yamefunga upande wa magharibi, wakalala Kalemie kwa mapadri. Huko tena habari ya jeneza iliwatangulia. Waamini walijaa ukumbini wakaimba nyimbo za wafu, wakapita mmoja mmoja kumshika Léoncie mkono. Naye hakujua ajibu nini. Akisema asante, amekubali kwamba Consolate amekufa; akinyamaza, amewavunjia heshima watu wema. Maxime anakumbuka kwamba kwa kila mmoja alisema, "Tumuombee," na kwamba alitoka mule ndani amelowa jasho. Walijaribu kupiga simu Kilubwe. Haikushika.

Siku ya pili waliruka asubuhi, na bado hawajamaliza nusu ya safari mafuta ya injini yakaanza kurukia kioo cha mbele, meusi, mpaka Maxime akawa anachungulia kwa upande. Mvua ikawapokea. Massoudi, aliyekaa kando ya jeneza goti lake likiligusa, alikuwa akisoma dua ya safari, na ndiye aliyenisimulia sala ya Léoncie. Anasema alianza kwa sauti sala ya marehemu, pumziko la milele, akaacha katikati. Akaanza sala ya wagonjwa, akaacha hiyo nayo. Akarudia ile ya kwanza, akaiacha tena, akajipiga paja kwa hasira. Mwishoni akasema: "Bwana, mi sijui yuko wapi. We unajua. Umushike palepale alipo." Massoudi aliniambia, "Nikasema amina. Ile dua hata mi naweza kuisema, wallahi."

Walitua kwa shida Kalunga, uwanja wa udongo mwekundu ulioachwa na kampuni ya pamba ya zamani. Kulikuwa na mpira wa mafuta uliopasuka, na Massoudi aliufunga upya kabla ya adhuhuri. Lakini uwanja ulikuwa umelowa. Maxime aliutembea wote akiwa ameshika viatu mkononi, akarudi na matope mpaka magotini, akasema: "Na sanduku hatuinuki. Leo apana, kesho labda apana. Tungoje ikauke. Bila sanduku, tunaweza kujaribu sasa hivi."

Hapo ndipo penye kiini cha maisha haya, nami ningetamani kuandika kwamba mtumishi wa Mungu aliinua macho mbinguni na kunena. Hakunena. Alisema, "Tungoje," akaenda kukaa chini ya bawa.

Na alikuwa na sababu. Kufika msibani bila jeneza, na jeneza lililotengenezwa na shirika kwa ajili ya binti wa watu, ni aibu ambayo ingewafuata Betania miaka yote. Kuliacha tupu ugenini ni vibaya zaidi: watu wa Kalunga, waliokwisha kukusanyika, walisema waziwazi kwamba jeneza lisilo na mtu hutafuta mtu, na hawakulitaka kijijini kwao. Maxime alikuwa upande wa kungoja. "Familia watatuuliza nini? Tumemuzika ma sœur ndani ya mukeka?" Massoudi alijibu huku anajifuta mikono, "Siye tunazika bila sanduku, na Mungu anatupokea vilevile." Walizozana kidogo, bila ubaya. Maxime anasema Léoncie alikuwa akilia na kujifuta kwa shela, na kwamba alifungua kifuniko cha sanduku la barafu, akagusa ndani, akakifunga. Barafu ilikuwa imekuwa maji.

Kisha akasimama. "Toeni sanduku."

"Una hakika, ma sœur?" Maxime aliuliza.

"Apana. Sina." Alikuwa ameshaanza kuvuta jeneza yeye mwenyewe kwa upande mmoja. "Kama amekufa, nitamuomba musamaha, ni mutu mwema, atanisamehe. Kama ni muzima, na siye tuko hapa tunachunga sanduku, nitamuomba nani?"

Wakalitoa, wakaliingiza katika kikanisa cha pale, watu wakinung'unika nyuma yao. Ndege iliinuka mwisho kabisa wa uwanja, magurudumu yakikata majani. Kilubwe nako hawakukuona mara moja. Ukungu ulikuwa umelalia mabonde, wakazunguka mpaka Maxime akaona paa la misioni likiwaka kwa jua la muda mfupi. Walipotua, Espoir alikuja mbio. Wa kwanza kumuuliza alikuwa Maxime: "Mwili iko wapi?" Espoir hakuelewa. "Mwili ya nani? Ma sœur iko chumbani. Ni malaria, dawa zilituishia. Lakini siku mbili hizi anakataa hata maji."

Léoncie alimchoma sindano ya kwanza mwenyewe, na alikaa naye mpaka homa ilipovunjika. Consolate akaishi.

Ungetarajia furaha, na furaha ilikuwepo: Consolate alipopiga simu mwenyewe kutoka juu ya kilima, Mama Lisette aliangusha simu, na katika ua wa Kinindo watu waliokuja kulia walikunywa vinywaji vilevile kwa shangwe. Lakini baada ya furaha zilikuja lawama. Wazazi wa Consolate walimshukuru Léoncie kwa mdomo mmoja na kwa mwingine wakauliza jeneza la binti yao limeachwa kwa nani, na lina mpango gani naye huko liliko. Mama Lisette alimkemea mbele ya masista wote. Kisha shirika, familia na watu wa ndege wakapatana jambo moja: Consolate asiambiwe kamwe. Mtu aliye hai haambiwi kwamba tulikutengenezea jeneza. Hata Massoudi, ambaye ana mdomo, aliufunga.

Léoncie mwenyewe hakujitetea. Muungamishi wake wa siku zile aliniruhusu kuandika neno moja alilomwambia nje ya kitubio, wakitembea kuelekea ziwani: kwamba hakujua kama alitenda vema pale Kalunga au alibahatisha tu, na kwamba hakumwelewa Mungu, kwa nini aliweka njiani vizuizi vingi vile kwa mgonjwa mmoja. Padri alimjibu kitu kuhusu mapenzi ya Mungu. Anakiri kwamba yeye pia hakukielewa vizuri alichokisema. Léoncie aliendelea na kazi yake zahanati, moyo wake ukidhoofika, na tarehe 9 Juni 2022 akafa Kinindo, kitandani, asubuhi, masista wakisali rozari. Alizikwa watu wakijaa mpaka barabarani, wengi wao kutoka viwandani, wakiwa na nguo za kazi.

Baada ya mazishi kamati iliundwa, nami nikaambiwa nikusanye maajabu. Mimi simtangulii Mama Kanisa katika hukumu yake, nakusanya tu. Nimeletewa mguu ulioungua ukapona, mwanamke wa Ruziba aliyejifungua salama baada ya kushika shela yake, na pikipiki iliyopatikana, ambayo nimeiacha nje ingawa mwenyewe amekasirika. Kupona kwa Consolate daktari wa kamati alikufuta kwa mstari mmoja: malaria, sindano za malaria, mgonjwa amepona. Tulikuwa na mtakatifu mikononi, mji mzima unasema hivyo, na hatukuwa na ajabu hata moja.

Ndipo nilipokwenda kumwona Sista Consolate mwenyewe. Sasa ndiye anayeongoza zahanati ya karibu na Zone Industrielle. Nilikuwa tayari na ushuhuda wa Maxime na wa Massoudi, nikiwa nimeonywa na Mama Lisette kuhusu lile lisilosemwa. Nikamuuliza tu anakumbuka nini.

Alisema: "Espoir alishuka kilimani, akaniambia, nimewapata, nimewaambia unaumwa sana, waje mbio. Nikamuambia, Espoir, umeniua. Hakuelewa. Mi nilijua. Nilijua saa ileile viti viko inje pale Kinindo. Mama yangu analia. Nikajua ndege ikikuja, inaniletea sanduku." Akapanga bandeji zilizokuwa tayari zimepangwa. "Mon frère, ndugu yangu, mutu akishaliliwa na watu wake, anabaki kufanya nini? Waliniletea maji, nikageuza uso. Sikutaka kufa. Ila niliona ni kama nawachelewesha."

Siku ya ndege alimwomba Espoir amwinue dirishani. Aliona mlango unafunguka. Aliona fundi anashuka, kisha rubani, kisha Léoncie akishuka kinyumenyume, sanduku la barafu kifuani, akateleza akaanguka matopeni, akainuka bila kuliachia.

"Nikangoja sanduku yangu. Nikangoja sana. Wakafunga mulango. Hakuna kitu. Nikajua hawakunilia. Pale nyumbani hakuna mutu aliyeamini. Nikamuita Espoir, alikuwa ameshakimbia inje, nikamuita mupishi wa misioni, nikasema: leta maji."

Akatabasamu. Miaka yote alikuwa ameishi na furaha hiyo, kwamba desturi yetu nzima ilisimama kimya kwa ajili yake, na Kinindo yote ilimngoja akiwa hai. Hakuwahi kumwambia Léoncie. Ningeanzaje kumuambia, aliniuliza, kwamba nilimuzania anakuja kunizika? Na Léoncie, kwa upande wake, hakuwahi kumwambia kuhusu Kalunga. Wote wawili walikuwa na adabu. Nusu moja ya habari ilikuwa kwake na nusu nyingine ilikuwa mkobani mwangu, juu ya magoti yangu, nami nilikuwa mtu wa kwanza duniani kuzishika zote mbili. Nilichanganyikiwa kabisa. Nikamshukuru, nikasahau mwavuli wangu, nikaenda zangu.

Kwa majuma kadhaa sikuandika. Nikinyamaza, Léoncie amelala kaburini na lawama ya jeneza, na ajabu lake halijulikani. Nikisema, namnyang'anya mwanamke mwema furaha iliyomponya. Nilimuuliza paroko, akasema niombe. Niliomba. Sikujibiwa. Mwishowe nikachukua kurasa hizi, nikarudi zahanati, nikamsomea zote, kuanzia Ruziba.

Nilipofika kwenye mbao nzito na mikono ya shaba aliweka mkono mdomoni. Sikuacha. Nilisoma Kalemie, nikasoma uwanja wa Kalunga, nikasoma maneno ya chini ya bawa. Nilipomaliza, nje wabeba mizigo walikuwa wakisubiri zamu yao ya kutibiwa.

"Kumbe walinilia," alisema.

"Walikulia, Ma Sœur. Wote."

"Na ye alikuwa nalo njiani. Akalitoa kwa mukono yake." Alilia sasa, bila kujificha. "Akakuja na matope, na mi nikafikiri ameteleza tu." Kisha akauliza, "Na liko wapi?"

Nikamwambia. Katekista mzee wa Kalunga, jina lake Sylvère, alifariki mwaka uliofuata, watu wakamzika humo kwa heshima ambayo hawajawahi kuiona pale. Akaniomba nimuandikie jina hilo. Akaniambia pia, "Chapisha. Usitoe kitu." Na tangu siku hiyo, masista wananihakikishia, Sista Consolate kila jioni humtaja kwa jina mzee asiyemjua aliyelala mahali pake.

Huyo ndiye Léoncie wa Ruziba. Sijui kamati itasema nini, wala Roma. Sisi tulio wadogo tujifunze kwake lililo ndani ya uwezo wetu. Desturi zetu ni nzuri na tuzishike. Tuwakalishe waliofiwa, tuwashike mikono. Lakini tukiambiwa kwamba mtu anaumwa, twende kwake kama kwa mtu anayeumwa, hata kama nyumba nzima inalia, hata kama mioyo yetu haina hakika, na mikononi tuwe na dawa. Jeneza hupatikana popote.